Mitatu Bado

Nililiandika Asumani, likakataa.
Nikaliandika Athumani, Othmani, Uthmani,
nikalitundikia aini mbele kama ndoana,
nikalivisha kistari juu na nukta chini,
na kioo kikanijibu kwa adabu ileile:
hakuna kilichopatikana.

Hapo ni Mwanga, dukani kwa Kajembe, mashine ya tatu,
ile iliyong'oka kitufe cha alama ya kuuliza.
Saa moja, shilingi elfu moja.
Msimamizi wangu alikwisha niandikia kwa wino mwekundu,
ubavuni mwa sura ya pili:
Chanzo asilia kiko wapi?
Yeye kitufe anacho.

Siku ya nne nikaacha kumtafuta mtu,
nikautafuta mji.
Ujiji yangu haikuwamo.
Nikaiandika walivyoiandika Wajerumani, Udschidschi,
konsonanti zimelaliana kama dagaa kwenye ungo,
na ghala la mbali, lenye baridi nadhani,
likafungua mlango kidole kimoja:

Karatasi moja. Pembe imeliwa na mchwa.
Mwandishi: hajulikani.
Lugha: Kiarabu kibovu.

Kuiona, ingia kwa jina la taasisi yako.
Nikashuka na orodha, nikashuka,
miji niliyoisikia kwenye matangazo ya mpira tu.
Kasimbu haimo.
Wakaniachia kipicha cha ukubwa wa stempu, bure,
kama kionjo cha halua.
Nikakivuta, nikakivuta,
hata nukta zikameguka vijiraba,
ba isijulikane na ta, ta isijulikane na nuni.
Kajembe akanichapia. Mia tano.

Shangazi Mwamvua alikuwa anachambua mchele.
Akapangusa mikono kwenye khanga,
akaishika karatasi mbali, halafu karibu,
halafu akanyamaza,
na shangazi yangu si mtu wa kunyamaza.

"Nani kasema Kiarabu kibovu?"
Nikamwambia ni wataalamu.
"Kiswahili hiki. Kimevaa kanzu tu."
Kidole chake, bado kina vumbi la pumba,
kikasimama juu ya herufi moja.
"Itazame hii kafu, mgongo umekunjwa.
Baba alikunja hivi. Mimi nilichapwa ili nikunje hivi.
Alianza babu yake Asumani, tangu hapo hakuna aliyeinyoosha."

Miezi saba nilikuwa nasubiri misafara.
Nilisubiri pembe, bunduki, barua ya liwali,
jambo la kujaza sura ya pili na kumwaga.
Shangazi akasoma, polepole,
pale nukta zilipokufa akaziweka za kwake:

Baada ya salamu. Nimepokea kwa mkono wa Mrisho
chumvi ya Uvinza, mizigo saba.
Mitatu bado.
Mtoto, homa imemwacha.
Wasalamu.

Basi.
Kuku akapita katikati yetu.
Nikawa namfikiria yule mtoto,
alivyovuka bahari ndani ya karatasi
na miaka yote hii, huko kwenye baridi,
hakuna aliyejua kuwa amepona.

Shangazi alikuwa anafikiria mengine.
"Mrisho," akasema. "Wajukuu wake wako Rusimbi.
Wana duka."

Usiku nikafungua simu, nikalipata lile dirisha dogo,
Pendekeza sahihisho.
Mwandishi: Asumani wa Songoro.
Lugha: Kiswahili.
Ushahidi: nikaandika kafu, nikafuta,
nikaandika shangazi, nikafuta,
nikaandika vyote viwili nikaviacha.
Taasisi yako:
Kasimbu, Ujiji, nyumba ya nne toka msikitini,
mlango wa bluu, gonga kwa nguvu.

Palibaki kisanduku kimoja. Maoni mengine.
Kidole kikaning'inia.
Kutoka chumbani, gizani, nikidhani amelala:

"Waandikie mitatu bado."